Sahani ya Pembeni

Kwenye arobaini ya shangazi Yustina, pale Makanyagio, mjini Mpanda, kwenye kiwanja alichokaa tangu nyumba ikiwa ya nyasi, tulitandikiwa mikeka upande wa jikoni tukaletewa pilau kwenye masinia. Nilikuwa nimeshanawa. Nilikuwa nimeshajipatia nafasi nzuri, karibu na minofu, kati ya wanawake wawili wembamba ambao niliona hawatanisumbua. Ndipo akaja binti mmoja, Anitha, mjukuu wa Perpetua, yule binti wa marehemu, amebeba hotpoti ndogo ya kijani. Akainama, akaniambia kwa adabu lakini kwa sauti iliyotosha mkeka mzima, "Bibi, chako hiki hapa. Bibi Perpetua kasema wewe una sukari, pilau usiguse." Ndani kulikuwa na ugali kidogo wa dona, mchicha, na kipande cha samaki wa kuchemsha. Wanawake wale wawili wakasogea ili nipate pa kuweka hotpoti yangu, na kule kusogea kwao ndiko kulikoniuma. Mimi ni mtu wa kununa tangu utoto, na uzee haujanipunguzia. Nilikaa pale nimenuna, na chakula changu cha peke yangu, nikaikumbuka sahani nyingine niliyowekewa pembeni katika nyumba hiyo hiyo, mwaka nilioumwa kifua kikuu.

Ulikuwa mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya sabini. Kwetu Majimoto watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, kuta za nyumba hazijakauka, mpunga wa msimu ule ulikuwa umeharibika, na unga uliopatikana ulikuwa ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao kila mtu aliuita yanga. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza darasa la saba, sijachumbiwa bado. Nililazwa wodi ya kifua mjini Mpanda miezi mingi, na nilipotoka gauni langu la kumalizia shule, ambalo zamani lilinibana mabegani hata nikawa nanyanyua mikono kwa tahadhari, liliningʼinia tu. Mganga aliyekuwa akituhudumia, mwanaume mnene mwenye sauti ya upole, alimwita shangazi akamweleza mbele yangu. Alisema ugonjwa umekwisha nguvu, kwamba siambukizi mtu tena, ninaweza kula na kulala na wenzangu, ila nibaki mjini niendelee kuchomwa sindano na kupimwa uzito. "Sindano ni kazi yangu," alisema. "Uzito ni kazi yenu nyie. Akipanda vizuri anakwenda kwao. Akishuka ananirudia kitandani." Nilimsikia vizuri sana. Kule wodini nilikuwa nimeamka asubuhi nyingi nikakuta kitanda cha jirani kimetandikwa shuka safi na mwenyewe hayupo, wala hakuna aliyetwambia kitu. Nilijiapia kwamba nitakula hata majivu, mradi nisirudi mle ndani.

Lakini kula kuna namna yake, na mimi nilikuwa nimeisahau. Dawa ziliacha mdomoni ladha ya chuma, kana kwamba nimelamba jembe. Tonge la ugali nililigeuza upande huu na upande ule, taya zikachoka kabla ya koo kukubali. Kwa hiyo shangazi alinianzisha kama anavyoanzishwa mtoto. Asubuhi uji wa ulezi wenye asali, na asali haikuwa shida maana mumewe alifanya kazi kwenye treni ya mizigo na warina asali wa porini walimjua. Saa nne viazi vitamu vilivyopondwa. Mchana uji tena, huu wa karanga, mzito kiasi cha kijiko kusimama. Alikaa mbele yangu kwenye kigoda, kikombe mkononi mwake, akinitazama nikimeza, na kila nilipotaka kusema basi alisema yeye kwanza, "Mara moja tu, mama, halafu tunapumzika." Tukapumzika, kisha kikombe kikarudi. Mumewe akiwa safarini, kama alivyokuwa siku nyingi, nyumba ilikuwa yetu sisi wanawake na watoto, na jiko lilikuwa kibanda cha miti chenye moshi ambao macho yangu yaliuzoea kabla ya kifua changu kuuzoea. Perpetua alikuwa binti mdogo wa shule ya msingi, mcheshi, mwenye meno makubwa, na nyuma yake walifuatana wadogo zake wanne ambao sikumbuki kama niliwahi kuwaona wameshiba.

Siku niliporuhusiwa kurudi kwenye ugali nilifurahi, nikanawa mikono nikaja kuketi na wenzangu kwenye sinia. Shangazi akanionyesha kwa kidevu mlango wa chumbani. "Wewe chako kiko kule." Nikakuta juu ya sanduku la nguo sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, imefunikwa kwa sahani nyingine. Nilikaa kitandani, ubavu ubavu kwa sababu ya maumivu ya sindano, nikala peke yangu, nikisikia kwa nje watoto wanavyogombania mboga na Perpetua anavyowachekesha. Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Sahani yangu haikuoshwa na vyombo vingine. Shangazi aliichukua mwenyewe, akaiosha mwenyewe, akaitia chumbani tena. Sasa, mtu aliyetoka wodi ya kifua hahitaji kuelezwa maana ya sahani ya peke yake. Pale bombani mwanamke mmoja alikuwa ameshawahi kuvuta ndoo yake nilipokaribia, na kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi nyingi mno. Niliona shangazi naye ni wale wale, ila yeye ana aibu ya kusema. Nilimchukia kidogo, na kilichonitesa ni kwamba nilimpenda sana pia.

Nilikula lakini. Niseme ukweli, sahani ile ilikuwa na chakula. Kulikuwa na kipande cha mgebuka, samaki wa ziwani aliyekaushwa ambaye jirani yetu Mama Hadija alikuwa akiuza barazani kwake. Yule mama alitoka Karema, kando ya ziwa, mwanamke mwenye mwili na maneno, akivaa ushungi hata akiwa anakuna nazi ambazo zilimfikia mara chache kwa treni. Kulikuwa na maharage ya nazi siku nyingine, au karanga, na mara moja yai zima. Sikuwahi kujiuliza wenzangu nje wanakula nini na huo ugali wao wa njano. Mgonjwa anayepona huwa anajitazama yeye tu, tumbo lake, mikono yake, mbavu zake zinavyofichika moja moja. Mizani ya mganga ilipanda, yeye akatabasamu, shangazi akaitikia kwa kichwa, tukarudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimenuna njia nzima.

Halafu mchana mmoja yalinifika shingoni. Niliinyanyua sahani yangu na mfuniko wake, nikatoka nayo hadi jikoni, nikaiweka chini kando ya sinia. Nikasema, "Shangazi, mganga alisema mbele yako kwamba siambukizi. Kama unaniogopa niambie, nirudi kwetu nikafie huko." Nilikuwa nimelipanga neno hilo la kufa tangu asubuhi, nikijua litauma. Shangazi alikuwa na mwiko mkononi. Alinitazama, akaitazama sahani, akaifunua, akamimina mboga yangu kwenye bakuli la wote. "Haya," alisema. "Kaa." Perpetua akasogea, akanipigia kigoda kidogo kwa kiganja. Kile kipande cha samaki kilimalizika kabla sijaketi vizuri, lakini mimi sikujali samaki. Nilikuwa kwenye sinia na watu, viwiko vinagusana, mtoto mdogo ananiegemea gotini, na nilijisikia nimepona kweli kweli.

Wasiolelewa kwenye sinia hawajui kwamba pale pana sheria kuliko mahakamani. Kwetu binti mkubwa aliyekuja kwa watu haanzi yeye kumega. Anachukua tonge dogo. Hagusi kitoweo mpaka mkubwa akivunje amkabidhi. Hafiki upande wa mwenzake, na yule mkubwa akishukuru akainua mkono, naye anainua wake hata kama bado anatafuna. Niliyajua yote hayo na niliyafuata barabara, maana nilitaka waone kwamba mimi si mgonjwa, ni mtu mwenye adabu zake. Watoto wa shangazi hawakuwa wamekosa adabu, walikuwa na njaa tu. Mimi nikiwa bado nageuza tonge la kwanza mdomoni, wao walikuwa wameshafika katikati. Nikimeza la pili, sinia lilikuwa likingʼaa. Shangazi aliusukuma ugali wa upande wake kuja kwangu kwa ncha ya kidole, mimi nikausukuma kwa adabu kurudi kwake. "Nimeshiba, shangazi," nilisema, na nilikuwa nimeshiba kweli, ila sijui nilishiba nini. Hizo ndizo wiki nilizocheka sana mwaka ule. Nilikuwa nakonda kwa furaha.

Mganga alisogeza kile kipande cha chuma kwenye mizani, akakirudisha, akakisogeza tena. Hakutabasamu. Aliniambia nishuke, nivue viatu, nipande upya, ingawa viatu vyenyewe vilikuwa kandambili. Kisha akamgeukia shangazi, na ile sauti ya upole ikawa imepungua. "Mama, huyu mtoto amerudi nyuma. Anakula nini nyumbani? Akija tena hivi simwachi, analala hapa hapa." Nilitegemea shangazi atajitetea. Alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba mimi ndiye niliyekataa chakula nilichowekewa, kwamba nilimtolea maneno makali mbele ya watoto. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "Nimesikia, mganga," kama mtu aliyeshikwa na kosa lake. Njiani alitembea mbele yangu bila kugeuka. Nilitazama miguu yake, nikagundua kwamba kanga yake ilikuwa imezunguka kiunoni karibu mara mbili, nikadhani amebadilisha namna ya kufunga.

Kesho yake nilikuwa naoga kwenye kibanda cha nyasi uani, maji ya vuguvugu kwenye karai, wakaja shangazi na Mama Hadija wakaketi upande wa pili kuchekecha unga. Hawakujua kama nimo, au walisahau. Nilisikia chekeche likigongwa, kisha Mama Hadija akauliza, "Binti karudi nyuma nimesikia. Si ulikuwa unamtengea?"

"Alikataa," shangazi alisema. "Anadhani namtenga kwa ugonjwa."

"Si umwambie."

"Nimwambie nini, jirani? Pale siniani yule anatafuna kama ngʼombe mzee, na hawa wangu unawaona walivyo. Sahani ndiyo ilikuwa inamwokoa."

"Basi mwambie hivyo hivyo."

"Nikisema hivyo atauliza kilichomo kinatoka wapi. Wewe unajua ninavyopima unga. Nikimwambia anakula fungu langu, halitapita kooni. Mtoto wa kaka yangu namjua, ana kiburi." Chekeche likagongwa tena mara kadhaa. "Heri aninunie, lakini ale."

"Na wewe utakuwa mgonjwa wa pili humu ndani," alisema Mama Hadija.

"Mimi naonja onja nikipika. Nashiba."

Mama Hadija alitoa ule mguno wa watu wa ziwani, ambao hauhitaji maneno, wakaongea habari nyingine. Mimi nilibaki nimechuchumaa kwenye karai mpaka maji yakapoa na wao wakaondoka. Nililia kimya kimya, nikijimwagia maji usoni ili hata mimi mwenyewe nisijue lipi ni chozi. Nilifikiria kurudi Majimoto kwa miguu. Nilifikiria kumwangukia shangazi miguuni nikamwomba ale. Lakini nilijua kwamba nikifanya lolote kati ya hayo, kila alichonikatia mdomoni mwake tangu mwanzo kitakuwa kimepotea bure, nami nitarudi wodini kwenye shuka safi. Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Ilinipasa kula, na kujifanya sijui.

Mchana wakati anasonga ugali nilisimama mlangoni kwa jiko. "Shangazi, naomba sahani yangu. Nitakula chumbani."

Hakugeuka. Mkono wake ulisita kidogo kwenye mwiko. "Umechoka kukaa na wenzako?"

"Wanapiga kelele."

"Ni kweli," alisema, "wana kelele hawa."

Nimekula vyakula vingi vizito katika maisha yangu, vya harusi na vya misiba, lakini sijawahi kula kitu kizito kama ile sahani. Mlango niliuacha wazi kidogo, na mara hii nilitazama. Niliwaona wamelizunguka sinia, mboga ni mlenda mtupu, na shangazi anazunguka zunguka, anachochea moto usiohitaji kuchochewa, anamfuta mtoto pua. Perpetua alipomwita aje kula alisema, "Nyie kuleni. Mimi nimeshakula huku jikoni." Kwa kweli nilikuwa nimelisikia neno hilo kila siku tangu nifike, ila sikuwa nimelisikiliza. Samaki alinikwama. Nikanywa maji, nikamshusha, nikamega tena. Nilijilazimisha hadi punje ya mwisho ya haragwe, nikafyonza mifupa, nikapangusa mafuta kwa kidole nikalamba, sahani ikawa haina haja ya kuoshwa. Nilifanya hivyo kila siku, mchana na jioni. Shangazi alipokuja kuichukua aliitazama ilivyo nyeupe, akaondoka nayo bila neno, na mimi nilijua kwamba huo ndio ulikuwa ushirika wetu.

Mambo yalilegea mvua zilipokuja. Kwetu walianza kupata mboga, kisha mpunga wa kwanza, na baba akatuma gunia la mchele kwa lori lililokuwa likija mjini. Mumewe shangazi alikaa nyumbani siku kadhaa, akatutania kwamba amekuta wageni wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, na mke wake hayupo. Mizani ya mwisho mganga alisogeza chuma chake na kukisogeza tena mbele, akacheka kwa sauti, akaniambia naweza kwenda kwetu hata leo. Kisha kwa ile furaha yake akamwambia shangazi, "Na wewe mama, hebu panda nikuone." Shangazi akarudi nyuma hatua moja na kuikaza kanga yake. "Mimi siumwi," alisema. Mganga akadhani anaona haya, akaachana naye.

Siku ile ile tulipofika nyumbani alipika wali wa Mpimbwe, ule mchele wa kwetu aliotuma baba, na maharage, akaupakua wote kwenye sinia. Nilitazama chumbani juu ya sanduku. Sahani ya buluu haikuwapo. Niliikuta imetundikwa kwenye chanja pamoja na vyombo vingine, imeoshwa na vyombo vingine. "Nawa mikono uje," shangazi aliita. Nilikaa, nikangoja mkubwa aanze, kama nilivyofunzwa. Yeye akaushika mkono wangu, akautia kwenye wali kabla ya wake. "Usingoje," alisema. "Hapa hakuna mgeni." Halafu akaketi, akala, nami nikatafuna taratibu makusudi ili nimwone akila.

Tangu mwaka ule sijaweza kuacha chakula sahanini. Nimelea watoto, nimezeeka, nimenenepa, nimemaliza vyangu na vya wajukuu walioshiba nusu. Daktari wangu wa sukari, kijana mpole kama yule mganga, ananiambia kila ninapokwenda kliniki kwamba nijizoeze kubakiza kidogo. Ananipima, anatikisa kichwa, ananipa mawaidha, na mimi naitikia. Sijamweleza. Najua anasema kweli na mizani yake haidanganyi, na siku hizi napakua kidogo tangu mwanzo ili kumaliza kusiniue. Hiyo ndiyo suluhu tuliyoipata mimi na miguu yangu inayovimba.

Shangazi alipougua mara ya mwisho nilikuja Makanyagio kumwuguza. Zamu ya kikombe ilikuwa imegeuka. Nilikaa mbele yake na uji wa ulezi, nikamwambia mara moja tu halafu tunapumzika, akacheka kwa macho. Hapo ndipo nilipoona kwamba nikingoja zaidi nitachelewa. Nikamwambia, "Shangazi, siku ile na Mama Hadija, mkichekecha unga, nilikuwamo bafuni. Nilisikia yote." Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Nilijua. Wewe kelele za watoto hazijawahi kukusumbua." Akameza kijiko kimoja zaidi, akakisukuma kikombe kuja kwangu kwa ncha ya kidole. "Maliza wewe," alisema. Uji ulikuwa na asali nyingi. Niliumaliza.

Nilikuwa nimefika hapo katika kukumbuka kwangu, mkekani, kwenye arobaini yake, na wale wanawake wembamba walikuwa wamelisafisha sinia lao bila msaada wangu. Anitha alikuwa bado amesimama kando, anangoja kuona kama nitakula au nitaendelea kununa. Alikuwa na uso wa kuchoka. Pale jikoni walikuwa wamepika tangu alfajiri, na katikati ya masufuria yote yale ya pilau mtu fulani alikuwa ametafuta nafasi ya kusonga ugali mdogo wa bibi mmoja mwenye sukari. Nikamuuliza kama ugali huu ni yeye aliyeupika. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama ameshakula.

"Nimeshakula huko jikoni, bibi," alisema.

Nilivitazama vidole vyake. Vilikuwa na unga mkavu kwenye kucha, na havikuwa na hata tone la mafuta ya pilau. Nikaitoa hotpoti mapajani kwangu nikaiweka juu ya mkeka, katikati, nikaifungua mfuniko wote.

"Nawa mikono," nikamwambia. "Hapa hakuna mgeni."